Faili ya Mfanyakazi Isomeke Kila Hospitali



Zahanati za mashamba na viwanda zinaacha madaftari na kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta. Wako wanaosema jambo hili ni la mafundi na makarani, sisi halituhusu. Si kweli. Kibarua aliyepulizia dawa ya wadudu miaka kumi, akihama shamba kisha akaugua kifua, atadai fidia kwa ushahidi gani? Ushahidi umo katika kompyuta ya mwajiri wake wa zamani. Ikiwa kompyuta ya hospitali haiwezi kuusoma, haki yake imepotea.

Iko jumuiya iitwayo HL7, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1987, inayotunga kanuni za kompyuta za hospitali kupelekeana habari. Katika kanuni zake za zamani, kila hospitali iliruhusiwa kujiongezea vipande vyake, vinavyoanza na herufi Z. Wengi wakajiongezea bila kuwaeleza wenzao maana yake. Ikawa kama soko ambalo kila duka lina kibaba chake.

Mwaka 2011 Grahame Grieve wa Australia alileta mpango uliokuja kuitwa FHIR. Ndani ya kanuni zimewekwa habari ambazo hospitali nyingi huzitumia, kama jina, ugonjwa na dawa. Mambo ya pekee huingizwa kwa nyongeza, na kila nyongeza sharti iwe na anwani inayoonyesha maelezo yake. Kompyuta isiyoijua nyongeza inaweza kuiruka na kusoma yaliyobaki. Lakini iko nyongeza inayogeuza maana, kwa mfano inayosema mgonjwa asipewe dawa iliyotajwa. Hiyo hutiwa alama yake, na ni marufuku kuipuuza.

Kwa maoni yangu, nyongeza si adui yetu. Bila nyongeza, mambo ya shamba na kiwanda yangekosa pa kuandikwa. Tayari Marekani, taasisi ya NIOSH inayoshughulikia afya kazini imesaidia kutunga mwongozo wa FHIR wa kuandika kazi alizofanya mgonjwa, alianza lini na aliacha lini. Adui ni nyongeza ya siri, inayojulikana na muuzaji wa programu peke yake. Mwajiri akinunua programu ya namna hiyo, habari zetu zimefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao mfanyabiashara.

Waajiri watalia gharama. Waambieni kanuni za FHIR hutolewa bure, na programu ya OpenMRS, inayotumika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, inaweza kuzifuata.

Basi kamati za matawi zidai mambo matatu katika mkataba wa pamoja. Kwanza, programu ya zahanati iweze kupeleka habari kwa hospitali za serikali kwa kanuni zilizo wazi. Pili, kila nyongeza iandikiwe maelezo na kutangazwa, na aina ya sumu tunayoshika kazini iwemo. Tatu, habari zisomwe na mganga, si na msimamizi wa shamba. Faili inayosomeka hospitalini isigeuzwe orodha ya kufukuzia watu kazi.

Mashine ikiwekwa bila sisi kuulizwa, itamtumikia aliyeilipia. Tuulize sasa, kabla mkataba wa kuinunua haujatiwa sahihi.