Kazi iko Goma, malipo madogo yanabaki Kalengera

Mkaaji wa Kalengera anayetafuta kazi ya mshahara anaangalia barabara ya taifa namba 2 kuelekea Goma. Huko ndiko kuna ofisi za mashirika ya kiutu, madepo na viwanda vidogo. Kijijini kunabaki shamba la tajiri na kibarua cha siku.

Umbali huo unapunguza nafasi za kazi, na unashusha pia bei ya jasho. Penye matajiri wengi, anayelipa vibaya anakimbiwa. Penye mmoja au wawili, anajua kwamba hakuna pa kukimbilia. Zaidi sana mama: baba anaweza kulala kwa ndugu Goma wiki mbili akitafuta kazi, mama mwenye watoto wadogo hawezi. Akipewa kidogo kuliko mwanaume aliyelima kipimo kilekile, anapokea na kunyamaza.

Sheria yenyewe haikunyamaza. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 kinasema kwamba kazi, ujuzi na matokeo vikiwa sawa, mshahara ni sawa bila kuangalia asili, jinsia wala umri. Hakisemi kuwa ni kwa watu wa mjini tu.

Wengine wanajibu kwamba kulipa wamama sawa kutaua kazi. Wanasahau kwamba mama aliyechoka kudharauliwa anarudi kwenye kashamba kake, na mahindi ya tajiri yanabaki yakingoja mikono.

Katika Rutshuru hiyohiyo, kituo cha umeme cha Matebe kilizinduliwa Desemba 2015, na nguvu yake inapita megawati 13. Sehemu ya umeme huo inashuka mpaka Goma, kama vile mahindi yanavyoshuka. Kiwanda cha unga karibu na mashamba kingeleta tajiri mwingine wa kushindania wafanyakazi, na yule wa kwanza angelazimika kuongeza malipo.

Ni kweli, vita vimefukuza wenye mali: M23 ilichukua Rutshuru Oktoba 2022, kisha Goma Januari 2025, na benki za mji zikafunga milango. Nani atajenga kiwanda sasa?

Lakini kutangaza asubuhi, mbele ya wote, bei moja ya kipimo cha shamba kwa mama na kwa baba hakungoji kiwanda. Chifu wa kijiji anaweza kuidai kabla ya msimu wa kulima kuanza.