Nafuu ya Nani?

Kuna aina ya maandishi inayozidi kujipenyeza katika Kiswahili, nayo ni ile ya kuwafundisha wapendanao namna ya kustarehe katika miji ya Italia kwa gharama nafuu. Mashauri yenyewe ni yale yale: nendeni Novemba au Februari, watu wakiwa wachache, laleni Bologna badala ya Venisi, kahawa inyweni mkiwa mmesimama, kwani akaaye kitini hulipa zaidi, makumbusho ya serikali yaingieni Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo hayana kiingilio. Yote hayo ni kweli, na mtu wa Munich atayashukuru. Ugomvi wangu ni na mfasiri aliyeyachukua neno kwa neno akampakulia msomaji wa Kiswahili, pasi na kujiuliza msomaji huyo anakaa wapi.

Basi tumweke mahali. Makuyuni ni kata katika Wilaya ya Korogwe, kwenye njia ya kwenda Mombo, nchi ya mkonge na mahindi. Vijana wawili wa hapo wameoana, nao wanataka siku chache za peke yao mjini. Kabla hawajaionja hiyo kahawa ya kusimama, yawapasa kuomba viza. Tangu Juni 2024 ada yake kwa nchi za Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima. Kwa wawili ni 180, yapata nusu milioni ya shilingi zetu, na ombi likikataliwa fedha hazirudi. Kwa amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023, kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Maana yake, mkata mkonge angetoa jasho la zaidi ya miezi mitatu kwa ajili ya kubisha hodi tu. Bado bima, bado taarifa za benki, bado nauli ya ndege. Na hiyo Venisi nayo, tangu Aprili 2024, ina siku zake za kumtoza kiingilio mgeni wa kutwa, mithili ya uwanja wa mpira. Sisi husema mgonjwa amepata nafuu pale maumivu yanapopungua. Hapa aliyepata nafuu ni nani?

Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, tamthilia iliyotoka mwaka 1969, yule mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza aligeuka kuwa Mabepari wa Venisi. Wapo waliolalamika kwamba amepotosha. Mimi naona alifanya lile ambalo mfasiri wa safari za mapenzi hakulifanya: alimtazama msomaji wake usoni kwanza, ndipo akachagua neno.

Tena huyo huyo Shakespeare ndiye aliyeutajirisha mji wa Verona. Juliet hakupata kuishi. Ni mtu wa tamthilia. Lakini Verona wameitenga nyumba ya kale wakaiita yake, na katika karne ya 20 wakaipachika roshani ili watu wapate pa kuinua macho. Leo wageni hujazana uani pake. Siwacheki. Nawahusudu, kwa sababu wametambua kwamba shairi linaweza kuujengea mji roshani. Sisi tunazo roshani za kweli, Mji Mkongwe wote, na tunazo tenzi, lakini bado hatujaonyesha kijana wa bara kwamba hapa pia pana mahali pa kumleta mwenzake.

Na neno tunalo. Fungate. Msambaa na Mzigua wakihesabu, saba yao ni mfungate, basi vijana wa Makuyuni wanalisikia neno hilo tangu utotoni, hata kabla ya kulijua kama jina la siku za arusi. Siku saba bwana na bibi arusi hukaa ndani, chakula huletwa na jamaa, somo yupo karibu, hakuna anayewaita wala kuwatuma. Ni starehe iliyogharimiwa na ukoo mzima. Siku hizi jamaa huchangishwa kwa ajili ya ukumbi, muziki na picha, kisha fungate hubadilishwa kuwa safari, na safari huwa deni. Nimeona nyumba changa zikianza maisha kwa kudaiwa hivyo.

Wapo watakaosema: je, maskini asitamani? Atamani, na mwenye uwezo aende. Firenze ni mji wa Dante, na mpenda mashairi asiyetamani kuuona ana walakini. Ninalolikataa ni kumwambia mwenye shilingi mia kwamba kitu cha elfu ni rahisi, kisha kumwacha ajione duni kwa kushindwa na kilichoitwa rahisi.

Kutoka Korogwe hadi Tanga ni yapata kilomita 100 kwa basi. Ipo Raskazone ya kutembea jioni, yapo mapango ya Amboni, na huko Machui limo kaburi la Shaaban Robert. Au waufuate mto. Maji yanayopita Korogwe ndiyo yanayoingia baharini Pangani, mji wa nyumba za mawe na mbata, mji ambao Abushiri alinyongwa Desemba 1889, na ambao Hemed bin Abdallah al-Buhriy aliuingiza katika utenzi wake wa vita vya Wadachi. Wakae ukingoni, waitazame Bweni ng'ambo. Huko hawaulizwi viza.

Wakivuka kuja kwetu Unguja, hapo ndipo ninapoona haya. Kiwengwa vijana wetu wanakisema Kitaliano, kwa kuwa Mtaliano huruka kutoka Milano kuja kuyatafuta mapenzi hapa. Malindi nako ni vivyo hivyo. Lakini mume na mke kutoka Korogwe wakisimama mbele ya meza ya mapokezi, aghalabu bei huambiwa kwa dola, na jicho la mpokezi huuliza kama hawakupotea njia. Wenye nyumba za wageni wanaolisoma jarida hili wanajijua. Waandike bei kwa shilingi, wazitundike mlangoni, na Kaskazi ikipita, vyumba vikiwa vitupu wakati wa masika, wawafungulie watu wa Makuyuni.