Kila Homa Malaria, Kila Kompyuta "Piga Windows"!

Leo mniwie radhi, nimekuja na hasira. Sina habari ya siasa wala ya Simba na Yanga. Nataka kusema juu ya ugonjwa mmoja wa mjini ambao umenigharimu, na najua wengi wenu umewagharimu pia ila mmekaa kimya. Kompyuta ikizingua, jibu la fundi ni moja tu: "Piga Windows upya."

Kisa chenyewe ni hiki. Laptopu yangu ni ya mtumba, ilikuwa na memori ya gigabaiti 4. Ukifungua kurasa tano za intaneti huku unaandika stori, inatambaa kama lori la mawe kwenye mlima. Nikashauriwa niongeze memori. Nikapanda daladala hadi mjini, nikaingia duka moja, nikauziwa kipande kingine cha gigabaiti 4. "Mpya kabisa, bosi." Stika inang'aa, boksi hakuna, risiti hakuna. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali, sikuuliza hata moja. Nikalipa, nikashukuru.

Siku ya tatu jioni, mhariri anasubiri stori, skrini ikageuka bluu. Ikaandika kwa Kiingereza, wazi kabisa, kwamba tatizo liko kwenye usimamizi wa memori. Mashine ilinitajia ugonjwa wake kwa mdomo wake! Nikawasha, ikazima. Nikawasha tena, ikazima.

Nikampelekea fundi. Hakusoma yale maandishi, wala hakuuliza kama nimebadilisha kitu hivi karibuni. Aliangalia kama sekunde kumi, akatoa hukumu: "Hivi ni virusi. Tufomati." Elfu ishirini. Nikakubali.

Mle ndani kulikuwa na sauti za mahojiano niliyofanya Ngarenanyuki, na mzee aliyekuwa mtoto mdogo mwaka 1951 wakati Wameru walipoondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi. Wale ambao kesi yao Kirilo Japhet aliipeleka hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mzee alinisimulia kwa saa mbili. Sikuwa nimenakili popote, na hilo ni kosa langu, nalikubali mchana kweupe. Lakini fundi naye hakuuliza, "Una kitu humu?" Alifuta kama anavyofuta meza.

Na laptopu je? Ilitulia siku mbili. Siku ya tatu, bluu!

Hapo ndipo nikaamua kusoma mwenyewe, na nilichojifunza ndicho kilichonipandisha hasira. Kipande cha memori kina mabilioni ya vyumba vidogo vya kuhifadhi taarifa. Vikiharibika vichache tu, kompyuta inaweza kwenda vizuri kabisa hadi siku itakapoandika kitu ndani ya vyumba hivyo. Ukishafomati, mashine inakuwa nyepesi, programu ni chache, vile vyumba vibovu havifikiwi mara kwa mara. Unadhani imepona. Ukirudisha programu zako na kuanza kazi, inaanguka tena. Kwa hiyo fundi hakutibu, alificha ugonjwa. Mbaya zaidi, memori mbovu inaweza kuharibu hata mafaili unayoyahifadhi, kwa sababu kila kitu hupitia humo kabla ya kwenda kwenye diski. Kupiga Windows kwenye mashine yenye memori mbovu ni kama kupiga rangi ukuta unaovuja.

Jamani, hii hadithi si tunaijua? Miaka ya nyuma, mtu akipata homa Bongo hii, ni malaria. Hakuna kupima. Unapewa dawa, ukipona ilikuwa malaria, usipopona ni malaria sugu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Leo hata kwenye zahanati ndogo watu wanajua kudai kipimo. Ila kwenye kompyuta bado tuko kulekule: kila kuzima ni virusi, na kila virusi ni kufomati.

Msinielewe vibaya. Virusi vipo, na zipo siku ambazo kupiga Windows ndiyo dawa yenyewe. Na wala sisemi mafundi wetu ni wezi. Nimewaza sana juu ya hili, na ukweli unauma: tatizo ni sisi wateja. Sisi tunalipia Windows, hatulipii uchunguzi. Fundi mwaminifu akikesha na mashine yako anapima, asubuhi akakwambia, "Kaka, memori uliyonunua ni mbovu, kairudishe," utampa shilingi ngapi? Utasema ahsante, uondoke. Yule aliyefomati kwa saa moja anaondoka na elfu ishirini. Sasa hapo wewe ungekuwa fundi ungechagua lipi? Tumejenga soko ambalo kujua ugonjwa hakulipi, halafu tunashangaa madaktari wote wamekuwa wauza vidonge.

Na kipimo chenyewe si sayansi ya kurusha roketi. Kama kompyuta imeanza kuzima baada ya kuongeza memori, mshukiwa wa kwanza ni hiyo memori. Zima, toa betri kama inatoka, chomoa kile kipande kipya, tumia mashine siku mbili. Ikitulia, umeshapata mwelekeo. Ndani ya Windows yenyewe kuna kipimo cha memori, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Kuna na Memtest86+, programu ya bure unayoiweka kwenye flashi, na mashine inaanza nayo kabla ya Windows. Iache ipime usiku kucha. Pima kipande kimoja kimoja, kisha badilisha tundu, ili ujue kama mbovu ni kipande au ni tundu. Kosa hata moja likionekana, usijifariji.

Soma na lebo pia. Kuna memori za DDR3 za volti 1.5 na kuna DDR3L za volti 1.35. Kwa macho zinafanana na zinaingia tundu lilelile, ila ziko laptopu zinazotaka ile ya 1.35 tu. Wakati mwingine hakuna kilichoharibika, ni kipande hakijakaa sawa. Mimi nilipima usiku kucha hapa Sakina. Kipande cha zamani, kisafi. Kile "kipya kabisa, bosi", mistari myekundu kuanzia juu hadi chini.

Niliporudi dukani nikaambiwa, "Umeunguza mwenyewe." Sina risiti, nitasema nini? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo. Lakini sheria haina meno kwa mtu asiye na karatasi mkononi.

Na msidhani usanii huu utapungua. Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida, na mwishoni mwa mwaka huohuo bei ya memori ikapanda duniani kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye kompyuta kubwa za akili bandia. Kitu kikipanda bei, cha zamani kinaoshwa na kubandikwa stika mpya. Tunaoishi kwa laptopu za mtumba ndio tutakaouziwa.

Kwa hiyo msimamo wangu kuanzia leo ni huu. Sinunui memori bila risiti na bila makubaliano ya kuirudisha. Hakuna anayefomati mashine yangu kabla ya kupima. Na fundi atakayepima nitamlipa elfu kumi ya kupima, hata akiniambia hakuna cha kutengeneza. Tukifanya hivi watu wengi, mafundi wazuri watajitokeza wenyewe, maana wapo.

Ngarenanyuki nilirudi. Mzee alinipokea vizuri, akanisimulia tena, ila safari hii kwa dakika ishirini, kama mtu anayerudia jambo kwa mtoto ambaye hakusikiliza mara ya kwanza. Sauti hiyo nimeinakili sehemu tatu. Ile ya saa mbili haipo tena duniani, na iliondoka kwa elfu ishirini niliyoitoa mwenyewe mfukoni.

Naomba kuwasilisha.