Wazee wapewe nyumba pembeni mwa Discovery Park

Hapa Seattle, Marekani, watu wanagombana juu ya kiwanja kilichopo mlangoni mwa Discovery Park. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, na msimamo wangu ni kwamba nyumba zijengwe.

Bustani hiyo ina ekari 534 na hakuna inayoizidi ukubwa mjini. Juu kuna msitu na uwanda wa nyasi ambako zamani askari walipiga gwaride. Ukiteremka unatokea ufukweni, penye mnara wa taa wa mwaka 1881. Hewa yake inaburudisha. Lakini raha hiyo ina historia nzito, na wanaopinga nyumba huiruka.

Kambi ya jeshi ya Fort Lawton ilifunguliwa hapo mwaka 1900. Mwaka 1938 jeshi lilitaka kuukabidhi mji eneo lote kwa dola moja, mji ukakataa kwa kuogopa gharama za kulitunza. Vita Kuu ya Pili vilipopamba moto, askari wapatao milioni moja walipitia hapo. Agosti 1944 mateka wa Kiitaliano, Guglielmo Olivotto, alikutwa amenyongwa karibu na ufukwe baada ya fujo za usiku. Askari weusi 28 walitiwa hatiani. Ilichukua hadi mwaka 2007 jeshi kukubali kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Mmoja wao, Samuel Snow, alitumiwa hundi ya dola 725 kama malipo ya mshahara wake aliodhulumiwa. Julai 2008 alisafiri kutoka Florida kuja kusafishwa jina lake palepale, akaugua, mwanawe akapokea hati kwa niaba yake, na mzee akafariki saa chache baadaye. Nikipita kwenye zile nyasi, huyo ndiye ninayemfikiria.

Hata ardhi yenyewe jeshi halikuitoa kwa hisani tu. Machi 1970 Wahindi Wekundu, wakiongozwa na Bernie Whitebear, waliruka uzio wakadai haki yao juu ya ardhi hiyo. Walikamatwa, wakarudi tena. Kituo chao cha Daybreak Star, kilichofunguliwa 1977, kipo mpaka leo ndani ya bustani.

Sasa jeshi la akiba nalo limeondoka kwenye kile kiwanja cha mlangoni, limeacha majengo ya ofisi na lami ya kuegesha magari. Mwaka 2019 baraza la mji lilipitisha mpango wa nyumba 237, zikiwemo 85 za wazee wasio na makazi. Kesi na malumbano vikauchelewesha. Wapinzani wanasema utulivu utaharibika. Utulivu wa nani? Mzee mmoja ninayemhudumia, askari mstaafu, alilala ndani ya gari miezi mingi kabla hajapata chumba. Magoti yake yamekufa ganzi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba lami inahifadhiwa kwa ajili ya mandhari ni ukatili.

Hoja yao moja ina uzito: maduka yapo mbali, na mlima ni mkali kwa mtu mwenye fimbo. Hilo lisiwe sababu ya kuwanyima wazee nyumba. Basi namba 33 tayari linafika hapo. Mji uongeze safari za jioni na Jumapili, na kituo kijengewe paa na benchi kabla mpangaji wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo.