Neno "Zaidi" Si Amri ya Kujumlisha

Wako walimu ambao, wakifika kwenye mafumbo ya hesabu, huwaambia watoto: "Tafuteni neno kuu. Mkiona 'zaidi', jumlisheni. Mkiona 'pungufu', toeni. Mkiona 'mara', zidisheni." Nasema waziwazi kwamba huko si kufundisha, ni kumfunga mtoto kitambaa machoni. Na mkosaji wa kwanza ni mimi, maana orodha hiyo niliiandika ubaoni kwa mkono wangu, mwaka baada ya mwaka, katika chuo cha ualimu, na wanachuo wakainakili.

Matunda yake niliyaona siku nilipokwenda kumkagua mwanachuo wangu katika mazoezi ya kufundisha. Aliandika: "Musa ana mbuzi 24. Ana mbuzi 8 zaidi ya Neema. Neema ana mbuzi wangapi?" Msichana mmoja wa nyuma akajibu 16. Mwalimu akamwambia amekosa. Kwani neno "zaidi" halioni? Jibu ni 32. Yule binti akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mwalimu, si Neema ndiye atakuwa amemzidi Musa?" Darasa likacheka. Akaketi, wala hakunyoosha mkono tena kipindi kile.

Mwanachuo nilimsahihisha baadaye, faraghani, ili nimtunzie heshima. Heshima ya yule mtoto hakuna aliyeitunza.

Neno "zaidi" halitoi amri, linaeleza uhusiano. Kwanza tuulize: nani anacho kingi? Kisha: tuongeze nini, na upande upi, ili pande mbili zilingane? Mbuzi wa Neema tukiwaita n, yeye ndiye wa kuongezewa 8 ili amfikie Musa: n + 8 = 24. Basi n ni 16. Kujumlisha kumo, lakini kumo upande wa mwenye pungufu. Orodha yangu haikuwahi kusema hivyo.

Wapo wanaokilaumu Kiswahili. Wasikionee. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya swali walilowapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, katika lugha ya nchi yao: chuo kina wanafunzi mara 6 ya maprofesa, andika mlinganyo. Zaidi ya theluthi moja walikosa. Kosa lililotia fora, kwa herufi zetu, ni 6W = P. Walifuata mpangilio wa maneno, wakaidhani W ni jina la mwanafunzi, kumbe ni idadi ya wanafunzi. Laiti wangejaribu kwa tarakimu! Maprofesa wakiwa 10, wanafunzi ni 60; na 6 mara 60 haiwezi kuwa 10. Mlinganyo ulio sahihi ni W = 6P, kwa kuwa walio wachache ndio wa kuzidishwa ili wawafikie walio wengi.

Wenzangu hunijibu: darasa lina watoto 80, mtihani uko mlangoni, njia ya mkato huokoa muda. Nami nawajibu kwamba wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Orodha ile hufaulu pale tu fumbo lilipotungwa kuifuata. Mtunga mtihani akiigeuza sentensi mara moja tu, watoto wote 80 wanatumbukia shimoni pamoja, na mwalimu wao mbele yao.

Enyi walimu vijana, ifuteni orodha hiyo. Kabla mtoto hajaandika herufi yoyote, na aseme nani amemzidi mwenzake. Akishapata jibu, alirudishe ndani ya fumbo aone kama linakaa. Yule msichana alifanya yote mawili bila kufundishwa na mtu. Sisi tuliosoma ndio tuliomnyamazisha.