Nafasi ya Kwanza Google Haiuzwi

Mwandishi mmoja aliyedai kwamba mwenye biashara mtaani Dallas, mjini Embu, hatapata wateja mtandaoni hadi alipe wataalamu wamfikishe nafasi ya kwanza Google amewapotosha watu wenye mtaji mdogo. Google yenyewe huonya kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Matokeo yanayotokea pamoja na ramani hupangwa kwa mambo matatu: biashara inalingana vipi na kinachotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Mpangilio huo haununuliwi. Kinachonunuliwa ni tangazo, na pesa zikiisha nalo hutoweka.

Tatizo halisi la Dallas yetu mwandishi huyo hakuligusa kabisa. Kuna Dallas ya Texas, jiji la watu zaidi ya milioni moja, lenye tovuti chungu nzima. Mfanyabiashara wa Embu akiandika "Dallas" tu kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, anashindana na jiji hilo lote. Aandike "Dallas, Embu, Kenya" kwenye kichwa cha ukurasa, kisha ataje kazi yake kwa maneno ya wateja wake: kushona sare za shule, kuchomelea milango, kuuza mbegu. Asajili biashara kwenye ramani ya Google, maana ni bure. Aweke saa za kazi, namba ya simu inayopatikana na picha alizopiga mwenyewe, na awaombe wateja walioridhika waandike maoni ya kweli.

Ukipigiwa simu na mtu anayekuahidi nafasi ya kwanza, usimtumie hata shilingi. Pesa hizo nunulia bidhaa za biashara yako.