Dalali wa Hisa Aulizwe Leseni

Msimu wa karafuu unapokwisha, fedha huwamo mikononi mwa wananchi wa Unguja na Pemba, na walaghai hulijua hilo mapema kuliko maofisa wa mipango. Siku hizi hawabishi hodi. Huja kwa njia ya simu, wakijiita madalali wa hisa na wa fedha za kigeni, na huahidi faida ya kila siku.

Hatuwalaumu wananchi wanaotaka kukuza akiba zao. Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya kazi tangu 1998, na leo mtu aliyeko Wete aweza kununua hisa kwa simu yake bila ya kuvuka bahari. Tunacholaumu ni kutoa fedha kabla ya kuuliza. Dalali wa kweli wa soko hilo ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya 1994. Na jina lake litafutwe katika orodha ya Mamlaka yenyewe, si katika karatasi anayoionyesha yeye. Hisa zinazonunuliwa kwake huandikwa kwa jina la mwenyewe katika hifadhi kuu ya dhamana, kwa hivyo dalali akifilisika, hisa hazifi naye.

Wapo wanaojigamba kuwa wamesajiliwa Saint Vincent, huko Karibi. Sisi tu watu wa visiwa na hatudharau kisiwa cha mtu. Lakini mamlaka ya huko imekwisha kutangaza kwamba haitoi leseni kwa madalali wa fedha za kigeni. Kuandikisha kampuni si kusimamiwa.

Wala leseni si kinga ya hasara. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walieleza kwamba katika kila akaunti 100 za watu wa kawaida wanaobahatisha kupanda na kushuka kwa bei kwa mikataba ya mkopo wa dalali, 74 hadi 89 hupoteza fedha. Anayeanza naanze na hisa za kampuni anayoijua, kwa fedha isiyo ya ada ya mtoto.

DECI ilipozuiwa mwaka 2009, maelfu ya Watanzania walikuwa wamekwisha kupanda fedha zao humo. Kwa hiyo twawataka maofisa wanaohusika wasingoje. Orodha ya madalali wenye leseni ibandikwe, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kila sheha na katika vituo vya kununulia karafuu, kabla ya msimu ujao kuanza.